Haragi ya Namba Mbili

Siku ya kwanza, tarehe 2 mwezi wa sita. Butembo.

Jana, Siku ya Mungu, tulipoteza ine kwa sifuri. Nasema tulipoteza, mais mi nilikuwa ku bank, ile kibao ya bale hawacheze. Miaka mbili sasa niko ku bank ya timu Umoja ya Bulengera. Ile bank najua misumari yake yote. Moya inatoboa suruali.

Timu kumi na mbili, siye njo ya kumi na mbili. Inabaki mechi mbili.

Tata, baba yangu, alikuwa ku kiwanja. Ku nyumba njo alisema. Asema kama hizi mechi mbili zinaisha bila mi kucheza hata moya, ananituma Beni kwa mujomba Syauswa, kupiga matofali. Asema mutu wa miaka makumi mbili na mbili hawezi kuwa mushona biatu na mukalia bank. Wakati nilipata jibu, alisha kwenda kuoga.

Matofali sipende. Mi naangaliaka miguu ya batu. Mujomba iko na kucha saba, tatu ilipondwa na matofali.

Shida ni Kochi Vagheni. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya primaire, anafundishaka mupira kama hesabu. Anatembeaka na kopo ya maziwa, ndani maharagi. Nyekundu ni siye, nyeupe ni adui. Anapanga kumi na moya ku meza, anaeleza. Ile inabaki anarudisha mu kopo. Mi niko haragi ya kopo. Namba mbili ya ku meza ni Lévi.

Kochi akienda, mwingine atakuya. Huyu mwingine hatajua kama mi niko wa kopo. Atanipanga. Hesabu ni hiyo.

Donc nimeandika barua kwa Prezida wa timu, Papa Jean-de-Dieu mwenye depo ya simenti. Papa Prezida, tosha Kochi Vagheni, aende, batu bamechoka. Chini nikatia: Basaporta elfu moya. Nikaisukuma chini ya mulango wa depo saa batu balikuwa ku misa ya mangaribi.

Siku ya pili, tarehe 3

Niko ku kazi, chini ya parasoli yangu, ku njia ya soko. Mi sisemake mingi. Batu banavula kiatu, banakaa ku kibao, banasema bo peke yao. Njo vile najua mambo yote ya Bulengera.

Leo Prezida alikuya mwenyewe. Analeta kiatu, sole imefunguka. Kiatu alikifunga mu karatasi. Karatasi ni barua yangu.

Alinipa kiatu, akabaki na karatasi. Akaniambia ninuse. Nikanusa. Akauliza inanuka nini. Nikasema kiatu. Asema hapana, inanuka kole. Nikasema kole ni gundi tu, banatumiaka sana mu Butembo, ku bisikleti, ku shule, hata ku kanisa. Nilisema maneno mingi kuliko mwezi muzima. Aliniangalia. Mi nikaangalia miguu yake. Soksi ya kuume iko na tundu.

Kisha akasema huyu mwenye kuandika ni mupumbavu, anajificha kama panya. Mais haseme uongo. Siku ya ine ataita komite.

Nilimushonea na uzi mbili.

Siku ya tatu, tarehe 4

Nimesaidia komite kidogo.

Saa tatu mama moya alileta sandale. Nilimuambia, polepole, kama banasema bachezaji hawamusikie tena Kochi. Ni hivyo tu.

Saa tisa kijana wa moto, dereva wa pikipiki, alikuya kutia kole ku boti yake ya muguu. Akaniambia niketi vizuri nisianguke: Kochi aliuzisha mechi kwa bale ba ine sifuri. Balimulipa mbuzi. Nikauliza nani alisema. Asema kila mutu. Mbuzi mweusi.

Mi sikusema mbuzi. Mais sikukatala.

Saa kumi Lévi alipita. Aliniita Mufalme wa Bank, kama siku zote, na akauliza kama taji langu linashonwa na uzi ya ngapi. Asema ile mbuzi balisha kuiona mu lupango ya Kochi, ku nyumba yake, na iko na mimba. Mi nikashona. Lévi anavaa kiatu ya makumi ine na tatu, kisigino yake inakula upande wa inje. Ni muguu ya mutu wa kukimbia. Inaniuzi.

Siku ya ine, tarehe 5

Komite ilikutana mu depo. Bakubwa balikaa juu ya mifuko ya simenti, bachezaji chini. Mi nilikaa karibu ya mulango, nipate hewa.

Bote balikubali Kochi aende. Mama Godelive, sekreteri wa timu, alisha kuandika barua ya kumufukuza, mu Kifaransa, mistari tatu. Kashe, muhuri ya timu, alisha kupiga. Ilibaki Prezida atie mukono. Prezida alikuwa anatafuta biki mu mufuko ya koti.

Mutu akapiga hodi. Ni shemeji ya Kochi. Asema shangazi ya Kochi alisha kufa asubui hii.

Biki ikarudi mu mufuko. Mama Godelive akakunja barua, akaitia mu tiroir ya meza. Mutu iko mu kilio hapana kumufukuza. Hata adui yako, akiwa mu kilio, unamubebea kuni, mambo yenu inangoja mpaka batoshe kilio, kusema bamalize matanga. Hiyo mi niliisahau mu hesabu.

Prezida aliuliza, na heshima, kilio itatoka lini. Shemeji asema siku ya pili, tarehe 10. Prezida asema Mungu apokee marehemu. Kisha akasema tarehe 10 ni mbali.

Ikabaki kuchagua mutu wa kupeleka kuni na unga ya timu. Bote baliangalia chini. Mi pia niliangalia chini. Mais mi njo nilikuwa karibu ya mulango.

Siku ya tano, tarehe 6

Nilipeleka kuni. Ilikuwa magogo mazima. Balinipa shoka.

Sijuake maneno ya kilio. Njo maana nilipasua. Mutu anapasua kuni hapana kumuuliza kitu. Nilipasua ya timu, kisha nikapasua ya bengine. Batu balifikiri ni huzuni. Mukaka moya, mama muzee, aliniletea chai, akasema wasingya, kusema aksanti, akauliza marehemu alikuwa nani kwangu. Nikapasua gogo ingine. Akanishika mukono asema anaelewa, nisiseme, inauma.

Lupango yote hakuna mbuzi. Niliangalia.

Kochi alikuwa anakaa kwa moto na bashemeji. Aliniita. Asema mu timu yote ni mi peke yangu nilikuya. Lévi hakukuya. Kambere, kipa, hakukuya. Akalia kidogo. Niliangalia biatu yake. Sole zote mbili zimeisha, karatoni inaonekana. Nikamuomba anipe nikashone bure. Sijui juu ya nini nilisema vile. Kinywa yangu haina mazoezi.

Siku ya Mungu, tarehe 8

Kochi hakuweza kutoka mu kilio kuenda ku mupira. Misa kuisha, aliniita. Alipanga maharagi yake ku sahani, nyekundu kumi na moya, akataja kila moya. Namba moya Kambere. Namba mbili Lévi. Mpaka mwisho. Akayafunga mu leso, akanituma nikayataje ku kiwanja.

Njia nzima nilifikiri. Haragi haina jina. Mi njo niko na kinywa.

Ku kiwanja nilifungua leso. Batu kumi na tano balinizunguka. Nikaanza. Namba moya, Kambere. Namba mbili. Nikasema, Maliro. Kambere akauliza Maliro gani. Nikasema mi.

Balicheka mpaka Lévi alikaa chini. Asema Kochi ni mwanaume, hata mu kilio anatuma kichekesho juu timu isivunjike roho. Akavaa mayo, jezi ya namba mbili, bado anapanguza machozi.

Nikaendelea na namba tatu.

Tulishinda moya kwa sifuri. Golo ni ya Lévi.

Sasa Bulengera imepasuka mara mbili. Bale banasema Kochi alikosa kuya, njo maana tulishinda, aende. Bengine banasema maharagi ya kilio iko na baraka, abaki. Tata anasema inabaki mechi moya.

Siku ya pili, tarehe 10

Balitosha kilio. Kochi balimunyoa kichwa. Mi nilipasua kuni ya mwisho, nikakula bugali na nyama pamoya na bashemeji. Balinikalisha katikati yabo. Balinipa ini.

Nilirudisha biatu ya Kochi na sole mupya. Alitembea nazo lupango yote, polepole, mara tatu.

Mi niliwaza tiroir ya Mama Godelive.

Siku ya ine, tarehe 12

Komite tena. Kochi alikuwa pale, na kichwa yake mupya. Barua ilitoka mu tiroir. Mama Godelive asema tarehe imepita, mais kashe ingali muzima.

Prezida asema hawezi kufukuza mutu ametoka kilio juzi bila kusikia bachezaji. Aseme mutu moya kwa bote. Lévi akasema Maliro aseme, ye njo alikuwa na Kochi siku zote. Bote balikubali. Lévi alifikiri itakuwa kichekesho.

Nilisimama. Neno nilikuwa nalo tangu asubui: aende. Moya tu. Fupi.

Kochi aliniangalia. Neno ikafika ku meno, ikakaa. Nikajipanguza uso juu ya jasho. Mais nilikuwa nimetoka ku kazi, ile kole ya rangi ya asali ilikuwa ingali ku bidole. Macho ikawaka moto. Machozi ikaanza kutiririka mpaka ku shati. Sikuona tena mutu.

Kisha nikasikia Mama Godelive anapenga mapua. Prezida asema yeye pia alisha kuwa kijana, na hajaona mupendo kama hii kati ya muchezaji na kochi. Asema Kochi anabaki mpaka mechi ya mwisho. Batu balipiga mikono.

Siku ya tano, tarehe 13

Niliwaza vizuri. Barua ya kwanza ilikosa nguvu. Ilisema batu bamechoka. Batu banachokaka kila siku.

Niliandika ingine. Papa Prezida, siye bachezaji bote, tukiona Kochi Vagheni ku kiwanja siku ya Mungu, hatuvae mayo. Utapoteza mechi mbele ya filimbi. Nilinawa mikono na sabuni mara mbili mbele ya kushika karatasi.

Saa kumi na mbili, depo ilipofungwa, niliisukuma chini ya mulango.

Posho, tarehe 14

Kesho ni mechi ya mwisho. Kochi alituita kiwanja asubui mapema, saa kumi na mbili na nusu, mbele salongo ya kusafisha njia ianze. Alipanga maharagi. Namba moya Kambere. Kisha akashika haragi moya, akaiangalia, akasema namba mbili, Maliro.

Hakuna mutu alicheka. Kochi hakucheka.

Lévi aliuliza, na heshima, juu ya nini. Kochi asema mutu anapasua kuni siku ine kwa marehemu ye hamujue, hawezi kukimbia mbele ya namba kumi na moya wa adui. Asema Lévi atacheza mbele, alisha kuonyesha anajua kutia golo. Lévi alifurahi. Bote balifurahi. Mi nilikuwa nawaza mulango.

Nilikimbia mpaka depo. Imefungwa. Posho asubui ni salongo: maduka yote inafungwa mpaka saa ine, kila mutu na jembe anasafisha njia. Barua niliiona, kona yake moya inatokeza chini ya mulango, ndogo kama kucha. Nilitosha sindano kubwa ya biatu. Nikalala tumbo. Nikachoma ile kona, nikavuta. Ikapasuka. Kona ikabaki ku sindano. Barua ikabaki ndani.

Mutu akasimama nyuma yangu. Ni shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu. Aliuliza kwa nini bengine banalima na mi nalala. Nikasema nilipoteza sindano. Asema sindano iko mu mukono yangu. Ilikuwa kweli. Akanipa jembe, akanionyesha kaniveau, mufereji ya maji, ya mbele ya depo, asema nikitoka pale mbele ya kuimaliza ananipeleka ku bureau.

Nililima masaa tatu mazima. Matope, machupa, sandale moya ya mwanamuke, ya kushoto, ingali muzuri.

Saa ine Prezida alirudi na jembe yake ku bega. Alinisifu. Asema kama vijana bote ba Bulengera bangekuwa kama mi. Akafungua mulango. Akainama. Akasoma pale pale, mi niko mu kaniveau chini yake, uso yangu ku kimo ya biatu yake. Uzi yangu mbili inashika vizuri.

Nilifungua kinywa. Nilisema Papa Prezida. Asema baadaye, mwana wetu, baadaye. Akaenda mbiombio kwa Mama Godelive.

Siku ya Mungu, tarehe 15

Nilivaa mayo ya namba mbili saa saba. Inanibana ku kwapa. Tata alikuya na shati ya misa. Alinionyesha kidole gumba. Hajafanyaka vile.

Saa nane bila dakika kumi Prezida na Mama Godelive balifika na barua. Tarehe ya zamani balifuta na biki, balitia ya leo. Prezida alimupeleka Kochi pembeni. Sikusikia. Niliona miguu tu: ya Kochi haikutembea, ya Prezida ilikuwa inakanyagana.

Kochi hakubishana. Aliokota maharagi moya moya, akatia mu kopo. Ya namba mbili alinipa mu mukono, akafunga bidole yangu juu yake. Akaenda kwa muguu, na sole yangu.

Kochi mupya anaitwa Roger. Ni mufonksionere wa serikali ku bureau moya, balimutuma hapa toka Kisangani, iko na mwezi mbili. Anakaa mbele ya depo na iko na filimbi yake mwenyewe. Hajue mutu hata moya. Njo vile nilitaka tangu mwanzo.

Alitupanga mustari, akasema mu Lingala, kisha mu Swahili, kila mutu ataje jina na namba, na sauti, ye hana wakati. Kambere alitaja. Nikataja. Kochi Roger akatia mukono ku sikio. Nikataja tena. Asema huyu iko mugonjwa, avule, akae. Lévi akataja jina yake, balimusikia mpaka ku soko.

Tulipoteza mbili kwa moya. Golo ya pili ilipita kwa upande wa namba mbili, ilibaki wazi, juu Lévi alikuwa mbele, anatia ile yetu. Timu imeshuka daraja.

Niliangalia fasi Tata alikuwa anakaa. Alisha kwenda kunifungia mufuko.

Siku ya kwanza, tarehe 16

Niko mu njia ya Beni, mu gari, juu ya mifuko ya ndizi. Lévi alikuya kuniaga. Aliuliza nani atashona biatu yake sasa. Nikamupa sandale ya kaniveau.

Posho, tarehe 12 mwezi wa saba. Beni.

Wiki ine ya matofali. Kucha ingali kumi.

Nyuma ya tanuru ya mujomba kuko kiwanja. Iko turnoa ya vakansi, mashindano ya likizo ya bakartie. Siku ya kwanza nilienda kuangalia, niliona kwanza biatu. Sole nilizijua. Ni Kochi Vagheni. Kartie hii ilimuita aongoze timu, juu shemeji yake anakaa hapa. Alinikumbatia mbele ya batu, akabaambia huyu ni mwana wa kilio yangu, mu Butembo nzima ni huyu peke yake hakunisaliti.

Kisha akanikalisha ku bank. Mechi mbili. Asema karatasi yangu ya ruhusa ya kucheza turnoa haijafika. Mi najua mambo ya karatasi. Ku meza anapanga maharagi kumi tu, na ku fasi ya namba mbili anaweka kajiwe. Kajiwe inacheza, mi nakaa. Mechi mbili tumepoteza zote.

Niliwaza bila hasira. Timu inapoteza, kochi haone batu iko nabo. Mahali pote dunia nzima timu kama hii inabadilisha kochi. Prezida wa huku ni mama moya muchuuzi wa kakao, mukali sana, anafungua depo yake saa ine ya posho na anasomaka kila karatasi. Kosa ya Butembo ilikuwa kuandika mara mbili. Huku nimeandika moya tu, ya nguvu. Jana mangaribi niliisukuma chini ya mulango wake. Sikuacha kona inje.

Leo asubui mapema Kochi alifika ku tanuru na kopo yake. Karatasi yangu imefika, na kashe. Akanionyesha ndani: nyekundu kumi. Asema ya kumi na moya alibakisha mu mukono yangu ile siku, hakutaka kutia ingine ku fasi yake, njo maana alikuwa anaweka kajiwe. Akauliza kama ningali nayo.

Ilikuwa mu mufuko ya suruali. Nikamupa.

Asema kesho, namba mbili.

Sasa ni saa moya na nusu. Nimeuliza mujomba kama Beni pia banafanyaka salongo. Asema banafanyaka, na shefu wa hapa ni mukali kuliko wa Butembo.

Natafuta sindano.